Ukurasa wa Kughairi

Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Huko kuna bango la faini: ukimgonga mnyama, kila mnyama ana kiwango chake, kimeandikwa wazi kwa msomaji yeyote, tajiri kwa maskini. Ukitoka hifadhini unaingia mji wa Mikumi, na hapo bei zote zinahamia mdomoni. Kanga, kuku wa kienyeji, ndoo ya nyanya, chumba cha kulala: unauliza, unatazamwa, ndipo unatajiwa. Katika kutazamwa huko muuzaji anasoma viatu, lafudhi, na namba za gari ulilokuja nalo. Kwa hiyo katika njia nzima hiyo, bei iliyo bayana kuliko zote ni ya wanyama ambao hawauzwi.

Biashara ilipohamia kwenye simu, ilihama na tabia zake. Picha ya gauni inapendeza, rangi zimetajwa, saizi zipo, halafu chini yake: bei njoo inbox. Mteja anayeuliza hadharani anajibiwa faraghani, na anayemfuata anaanza upya. Wauzaji wanasema wanajificha kwa washindani, na huenda ni kweli. Lakini ukimya huo unafanya kazi nyingine pia. Mtu akishauliza bei inbox, ameshaanza mazungumzo. Na mazungumzo, kwetu, yana adabu zake. Ukishasalimiwa, ukaitwa mpendwa, ukatumiwa picha saba za ziada na sauti ya kueleza ubora wa kitambaa, kusema "basi, nimeghairi" kunakuwa kuzito kuliko kununua.

Nimekuwa nikiufikiria uzito huo tangu nilipoanza kuwasaidia wafanyabiashara wachache wa upande wa Kilosa na Mikumi kutengeneza maduka yao ya mtandaoni, hasa ule ukurasa ambao wageni wa kazi hii huudharau: ukurasa wa kikapu. Ukurasa wa mwanzo kila mtu anaupenda, una picha. Ukurasa wa bidhaa una sifa. Ukurasa wa malipo una pesa. Kikapu ni jedwali tu: jina la bidhaa, bei, idadi, jumla, na pembeni alama ndogo ya kuondoa. Mwenye duka akiuona husema, "Huu uache ulivyo, tafsiri maneno tu." Nami nimefika mahali pa kuamini kwamba huo ndio ukurasa wa heshima kuliko zote dukani, kwa sababu ni mahali pekee ambapo mnunuzi anaruhusiwa kubadili nia bila kumtazama mtu usoni.

Maduka mengi madogo ya aina hii yanaendeshwa na WooCommerce, programu iliyozaliwa mwaka 2011 katika kampuni ya WooThemes yenye makao Cape Town, kisha ikanunuliwa na Automattic ya Marekani mwaka 2015. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, anayetaka kuubadili anabadili. Kila ukurasa wa duka una kiolezo chake, faili linaloamua kipi kitangulie na kipi kifuate. Ukitaka kubadili kikapu, huligusi faili la asili. Unalinakili, unaiweka nakala kwenye folda ya mwonekano wa duka lako, na programu ikiikuta hapo inaitumia hiyo badala ya faili la asili. Maneno nayo yanakaa kwenye faili lake la tafsiri: juu mstari wa Kiingereza, chini yake mstari mtupu unaosubiri Kiswahili. Kwa maelezo hayo kazi inaonekana nyepesi: jaza mistari, hifadhi, funga kompyuta.

Mistari yenyewe ndiyo inayokataa. Chukua taarifa inayotokea mteja anapochagua kitu. Kiingereza kina sentensi moja yenye pengo, na jina la bidhaa yoyote linaingia humo bila kuisumbua. Kwa Kiswahili bidhaa hudai upatanisho wake: kanga imeongezwa, mchele umeongezwa, kikoi kimeongezwa, mashuka yameongezwa. Programu haijui ngeli. Ukiandika "imeongezwa" kwa vyote, duka litazungumza kama mgeni aliyeshuka jana. Dawa ni kuigeuza sentensi ili bidhaa isiwe kiima cha kuvutana na kitenzi: "Umeweka kanga kikapuni." "Umeweka mchele kikapuni." Sarufi inatulia, na kwa bahati njema anayetenda sasa ni mteja. Duka halijafanya kitu. Yeye ndiye aliyeweka, na aliyeweka anaweza kuondoa.

Maneno mengine hayahitaji kubuniwa hata kidogo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na wenzake wakafuata, mamilioni ya Watanzania wamezoea kusoma kurasa ndogo za pesa kwa Kiswahili, kwenye simu za vitufe, gizani, kwenye foleni, ndani ya basi linalotikisika. Wanajua kiasi, makato, salio, thibitisha, muamala umekamilika. Wanajua kwamba kabla ya kuingiza namba ya siri wataona jina na kiasi, na kwamba wakiona jina wasilolijua wanatoka. Huo tayari ni ukurasa wa kikapu, bila picha. Mfasiri anayekuja na "endelea kwenye mchakato wa uhakiki wa manunuzi" anampa mteja lugha ya semina mahali ambapo pana lugha ya mtaani iliyokwisha kupimwa kwa fedha za watu. "Nenda kulipia" inatosha.

Baada ya maneno yanakuja mambo ambayo hakuna mstari wa kuyatafsiri, kwa kuwa kiolezo hakikuyawaza. Kwanza idadi. Safu ya idadi inaonyesha namba tupu: 1, 2, 3. Moja ya nini? Kanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili. Mteja anayetaka yeye na dada yake wapate kimoja kimoja anaandika 2 na anajikuta na vipande vinne. Mchele wa bonde la Kilosa kuna anayeuwaza kwa kilo, anayeuwaza kwa debe, na anayeuwaza kwa gunia. Namba bila kipimo ni mwanzo wa ugomvi, ilhali wazee walisema biashara haigombi. Kwa hiyo nakala ya kiolezo inaongezewa neno moja baada ya namba: doti, kilo, debe. Pili, senti. Programu ikiachwa ilivyo inaandika bei na sifuri mbili baada ya nukta, kana kwamba kuna mtu Tanzania atadai chenji ya senti hamsini. Sifuri hizo zinaifanya shilingi 18,000 ionekane, kwa jicho la haraka, kama mamilioni. Zinafutwa kwenye mipangilio, na mteja anapumua.

Tatu ni kisanduku cha kuponi. Kiolezo cha asili kinaweka chini ya jedwali nafasi ya kuandika neno la siri la punguzo. Kwa mteja wa Mikumi, ambaye maisha yake yote amejua kwamba bei ya kwanza si bei, kisanduku hicho kitupu kinasema jambo moja tu: kuna watu wanaopunguziwa, na wewe humo. Ataacha kikapu aende kuuliza inbox. Ama mwenye duka ana punguzo na analiandika waziwazi, ama hana na kisanduku kinaondoka. Mimi hukiondoa.

Kisha linakuja suala la mahali. Kiolezo kinataka mtaa, namba ya nyumba, mji, mkoa, postikodi. Nchi haijakaa bure katika hili: operesheni ya anwani za makazi ilizinduliwa Februari 2022, kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, na nguzo za majina ya mitaa zikaota hadi vijijini. Postikodi ipo, ina tarakimu tano. Lakini mzigo kutoka Mikumi kwenda Kilosa hausafiri kwa postikodi. Unasafiri kwenye gari la abiria, umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la mpokeaji na namba ya simu, na konda ameambiwa ashushe wapi. Anayepokea anakuja stendi, au anamtuma bodaboda anayemjua kwa jina. Habari zinazohitajika ni tatu: jina, simu, na kituo cha kushushia. Zilizobaki ni kumchosha mtu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kukusanya taarifa usizozihitaji si uchoshi tu, ni kujitwisha dhamana.

Majina ya vituo nayo yana vituko vyake. Wilaya ya Kilosa ina kata iitwayo Magomeni, na Dar es Salaam ina Magomeni yake. Mteja akiandika jina hilo peke yake, mzigo unaweza kwenda mashariki badala ya kaskazini. Na kati ya Mikumi na Kilosa kuna kata iitwayo Ulaya. Duka ambalo halijui jiografia hiyo, likiona "Ulaya" kwenye anwani, litaweza kumpigia mama wa watu hesabu ya gharama za ndege. Orodha ya vituo inatengenezwa kwa mkono, basi: Mikumi stendi, Ulaya, Kilosa mjini, Kimamba, Rudewa, Dumila. Mbele ya kila kituo, nauli ya mzigo.

Nauli ndiyo kiini. Katika duka lililoachwa kama lilivyoletwa, mteja anaweza kuona jumla ya bidhaa kikapuni, akaendelea, akaandika jina, akaandika simu, na gharama ya usafirishaji akaijulia mwisho, ameshavuka mito mitatu. Kwa wakati huo kughairi kunauma; amejitaja, amejieleza, ameshawaambia watoto. Ni uzito uleule wa inbox, umevaa nguo mpya. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo imekusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili, inatoa wastani wa vikapu takribani 70 katika kila 100 vinavyoachwa bila kulipiwa, na gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni ni miongoni mwa sababu kubwa. Wafanyabiashara wanaisoma namba hiyo kama msiba. Nikiitazama kwa macho ya gulio, sioni msiba. Ni nani aliyewahi kwenda gulioni akanunua kila alichokishika? Watu hushika, hupima, hurudisha, huenda kwa jirani, hurudi. Msiba ni ule wa aliyetaka kununua akafukuzwa na nauli aliyofichwa.

Siku ya kujaribu duka la dada mmoja wa Mikumi anayeuza kanga na mashuka, tulimwomba mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu aliye Kilosa, aagize kwa simu yake huku tukiongea naye kwa simu nyingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeweka doti tatu. Sasa kimeniambia na nauli ya Kilosa mjini."

"Ndiyo, Mwalimu. Hiyo ndiyo jumla yote. Hakuna kitakachoongezeka."

Kimya kidogo. Tulisikia jogoo upande wake, na mtoto akiulizia kitu.

"Nimetoa moja," akasema. Halafu, sauti ikishuka: "Huyo mwenye duka ameona kwamba nimetoa?"

Mwenye duka alikuwa ameketi kando yangu. Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu.

"Hajaona, Mwalimu. Mtu hajui mpaka ubonyeze kulipia."

"Basi hapo safi," akasema, na akalipia doti mbili.

Ninaamini alilipia mbili kwa sababu aliruhusiwa kuondoa moja. Angekuwa dukani, mbele ya msichana anayemwita Mwalimu na aliyekwisha kumkunjulia kanga zote tatu juu ya meza, angechukua tatu na kupunguza sukari ya mwezi, au asingechukua hata moja na kusema atarudi. Sote tunaijua hiyo "nitarudi", na sote tunajua maana yake. Kikapu kilimpa njia ya katikati, ile ambayo adabu yetu njema huifunga bila kukusudia.

Niseme pia kile ambacho ukurasa huu unaondoa. Mapatano ya bei yana joto lake. Muuzaji anayekujua anakukopesha, anakuongezea kipande, anakuuliza hali ya mgonjwa. Jedwali haliwezi hayo, na duka la mtandaoni linalojidai linaweza, kwa kumwita kila mtu mpendwa, linakera. Ndiyo maana chini ya kitufe cha kulipia mimi hupenda kuacha namba ya simu ya mwenye duka, ili anayetaka mazungumzo ayapate. Lakini mapatano hayo tusiyapambe kupita kiasi. Mkono uleule unaompunguzia ndugu humpandishia mgeni. Mikumi, mji wa watalii na madereva wa masafa, wageni ndio wengi. Bei iliyoandikwa haimjui ndugu, lakini haimwibii mpita njia.

Tatizo ni kwamba ulimwengu wa maduka makubwa umekuwa ukienda upande mwingine. Mwaka 1999 Amazon ilipewa hataza Marekani kwa ununuzi wa bonyezo moja: ukiona, ukibonyeza, umenunua, kikapu kimerukwa. Hataza hiyo ilikwisha muda wake mwaka 2017, na wazo likawa la kila mtu. Zipo pia saa zinazohesabu kurudi nyuma, maonyo kwamba zimebaki mbili tu, visanduku vya bima vilivyowekewa alama ya tiki kabla hujafika. Umoja wa Ulaya ulilazimika kuvikataza hivyo vya tiki kwa maelekezo yake ya mwaka 2011 kuhusu haki za mlaji. Tanzania nayo, katika Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, imetenga sehemu ya kumlinda anayenunua kwa njia hiyo. Lakini sheria hufika baada ya kiolezo. Anayenakili faili la kikapu usiku huu, akiamua alama ya kuondoa iwe kubwa au iwe ya kijivu isiyoonekana juani, ameshaitungia sheria ndogo kila simu itakayofungua duka hilo. Zipo hata programu-jalizi zinazokumbuka kikapu ulichokiacha na kukutumia ujumbe asubuhi kwamba umesahau kitu. Mwalimu hakusahau, aliamua. Kumfuata na ujumbe ni kumwambia kwamba alikuwa akichunguliwa.

Kuna hoja ya upande wa muuzaji, nayo si ndogo. Kwa miaka mingi haki ya kughairi ilikuwepo kwenye ununuzi wa mtandaoni nchini: iliitwa malipo baada ya kupokea. Jumia, iliyofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ilikuwa miongoni mwa walioizoesha. Mzigo unafika mlangoni, mteja anautazama, anaamua. Kwa mteja ni uhuru mtupu. Kwa muuzaji mdogo ni nauli ya kwenda na ya kurudi, na kanga iliyokunjuliwa na kukunjwa upya. Mikumi hadi Kilosa ni barabara inayochoka masika, na mto Mkondoa ukifurika hata reli huusikia. Mzigo mmoja ukikataliwa stendi, faida ya mitatu imeliwa. Wauzaji wengi wakajibu kwa kuhamia upande wa pili: lipia kwanza, mzigo baadaye, na ukibadili mawazo shauri yako.

Ukurasa wa kikapu unaweza kusimama kati ya hizo mbili, ndiyo maana nasema usidharauliwe. Unauhamisha uamuzi kutoka mlangoni, ambako ni ghali kwa muuzaji, na kuuleta kwenye skrini, ambako ni bure kwa wote wawili. Lakini bei ya kuuhamisha ni ukweli wote kwa wakati mmoja: kipimo, jumla, nauli, siku ya kufika, na rangi halisi kwenye picha ndogo kando ya jina. Kinachofichwa kikapuni kitarudi kama mzigo uliokataliwa stendi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema. Kikapu ni daftari ambalo safari hii limegeuzwa kumwelekea mteja.

Nakala ya kiolezo, pia, haimaliziki. Wenye programu wakibadili faili la asili, nakala yako inabaki ya zamani, na ukurasa wa hali ya mfumo unakuorodheshea mafaili yaliyopitwa. Mwishoni mwa 2023 WooCommerce ilianza kuyapa maduka mapya kikapu cha muundo mwingine kabisa, cha vipande vinavyopangwa kwenye skrini, ambacho hakizisikilizi nakala za zamani hata kidogo. Kazi ikaanza upya: doti, nauli, kuponi. Kila duru mtu hushawishika kuacha mambo kama yalivyoletwa, kwa kuwa yalivyoletwa yanafanya kazi. Yanafanya kazi kweli, kwa mtu mwenye kadi ya benki, namba ya nyumba na mkoba usiouliza bei mara mbili.

Kwa hiyo mwenye duka akiniambia niuache ukurasa ulivyo na kutafsiri maneno tu, siku hizi namrudishia swali: mteja wako akitaka kuondoa kitu, unataka iwe rahisi au iwe ngumu? Wengine husita. Anayejibu ngumu, tafsiri haitamsaidia. Atakuwa na duka la Kiswahili fasaha ambalo watu huliingia mara moja. Anayejibu rahisi tunakaa chini, tunaanza na nauli.